Ndege Aliyeanguka Uani kwa Ketrina

Ibaba, Ileje
2 Aprili 2023

Mwanangu Lwitiko,

Pokea salamu zangu huko uliko juu ya maji. Mimi nipo. Magoti yananisumbua kwa baridi hii, lakini natembea, na nikikaa karibu na moto yanatulia. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu, mahindi bado mabichi. Dada yako Fides hajambo, anauza vitenge vyake palepale Tunduma karibu na mpaka, na siku hizi akija huku anatusalimia "mulishani" kama vile sisi ndio Wazambia. Mwanangu Ipyana yuko Mkwajuni na bodaboda yake. Salamu zake sikuletei kwa sababu hajanipa.

Sasa sikiliza, maana sikuandikii kwa ajili ya viazi.

Katikati ya mwezi wa tatu, siku zile kimbunga kinawapiga wenzetu wa Malawi, huku kwetu nako ulivuma upepo na mvua mpaka mabati ya kanisa yakang'oka. Asubuhi yake nilitoka kuchukua kuni, nikakuta ndege nyuma ya jiko. Lwitiko, nimezaliwa milimani, nawajua ndege wetu mpaka wanaoiba mbegu. Huyu sijapata kumwona. Mweusi mwili mzima, isipokuwa kooni ana ngozi nyekundu iliyolegea. Mdomo mrefu, umepinda mwishoni kama ndoana. Mkia umegawanyika kama mkasi. Nilimnyoosha bawa moja nikalipima na mlango wa jiko, likapita upana wa mlango. Lakini vijimiguu vyake utacheka, vya kifaranga kabisa, na katikati ya vidole ana ngozi kidogo kama bata. Hiyo ngozi ndiyo imenifanya nikukumbuke wewe na bahari yako.

Wiki hiyohiyo jirani zangu Yonasi na Diana wakafiwa na mtoto. Homa alikuwa nayo tangu kabla ya upepo, kila mtu alijua, ila njia ya zahanati ilikatika kwa maji. Nikachota unga kwenye debe kama anavyofanya mwanamke yeyote penye msiba, nikaufunga kwenye kitenge, nikapeleka. Jioni unga wangu ukarudishwa. Uliwekwa mlangoni, hata hodi hawakupiga. Nimeishi hapa Ibaba tangu nimeolewa, na sijawahi kuona unga wa msiba unarudishwa. Hata wa mlevi unapikwa.

Habari za ndege nilishawasimulia mwenyewe wakati wa kuteka maji, sasa wanasema ni wangu. Wanasema nilimtuma, akarudi amechoka.

Baada ya mavuno kutakuwa na kikao cha kuamua kama nibaki kwenye kikundi cha wamama cha misiba. Unajua maana yake. Nikitolewa, siku nikifa hakuna wa kuniosha wala wa kuwapikia watakaokuja kunilia. Mtanifukia wewe na Fides kama mzoga. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Gibson, amesema nikileta uthibitisho kwamba huyu ni ndege kama ndege wengine, mwenye jina na kwao, atasimama upande wangu. Kwa hiyo nataka jina. Katika ukoo wetu wote ni wewe peke yako uliyekwenda kufanya kazi baharini. Tazama huko, uliza watu, uniandikie. Ndege mwenyewe nimemtundika juu ya moto akauke kwa moshi kama tunavyokausha nyama, ili awepo wa kuonyesha.

Usinipigie simu. Mtandao unapatikana kule juu shuleni tu, na pale siongei na wewe, naongea na kitongoji kizima. Clement anayeendesha gari la Itumba atabeba barua hadi Tunduma, na Fides ataipakia kwenye basi la Dar.

Shangazi yako,
Ketrina


Dar es Salaam
7 Mei 2023

Shangazi Ketrina,

Shikamoo. Barua yako niliikuta imelala ofisini kwa wakala wa meli, maana tulikuwa Moroni tunashusha saruji na bandari ya wenzetu haina haraka. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo kwa sababu mpishi wetu mpya anapika wali kama anayemkomoa mtu. Msalimie Fides. Ipyana nitamsema mwenyewe.

Pole sana kwa hayo yaliyokupata. Nimesoma habari ya unga nikakosa hamu ya kula hata ule wali.

Ila Shangazi, kuna jambo watu wa nyumbani hamlielewi. Mimi nafanya kazi melini, sifanyi baharini. Niko chini kwenye injini. Ninachokiona kutwa ni mabomba, oili na kisogo cha fundi mkuu. Bahari naisikia tu ikigonga chuma upande wa pili. Naweza kumaliza safari nzima nisijue kama nje kuna ndege au kuna ng'ombe.

Hata hivyo nimeuliza. Mpishi amesema ni shakwe. Nikamwambia shakwe mweupe, akajibu labda huyo amechafuka. Mlinzi wa getini amesema ni kwazi. Kwazi namjua, ana kichwa cheupe na utamkuta hata Ziwa Nyasa. Afisa wa pili wa meli, msomi yule, hakuinua hata macho. Nikaingia kwenye simu nikaandika "ndege mweusi wa baharini", nikaletewa picha za ndege za kivita. Nikaenda mjini kwenye duka la vitabu, wakanionyesha vitabu vya ndege: mbuni, korongo, tai, wote wa mbugani wanakopelekwa watalii. Nikamuuliza muuzaji, wa baharini wako wapi? Akaniuliza kama nataka samaki. Nchi ina bahari ndefu namna hii na hakuna mtu aliyeinua shingo kutazama kinachopita juu yake.

Umefanya vizuri kumkausha. Usimtupe. Tunaondoka tena keshokutwa, na safari hii nitapanda juu kila nikitoka zamu.

Jambo moja, Shangazi. Ulipomkuta alikuwa hai au amekwisha kufa? Na ulikuwa peke yako?

Mwanao,
Lwitiko


Ibaba, Ileje
28 Mei 2023

Lwitiko,

Salamu. Huku tunapukutika kwa baridi. Nguruwe amezaa, Fides ameumwa meno akapona, Ipyana amekuja siku moja, akala, akasema "Mama, hama tu uje Mkwajuni," akawasha pikipiki akaondoka. Nihame. Kama vile nyumba ni koti.

Umesema nimefanya vizuri kumkausha. Basi ngoja nikupe matunda ya ushauri wetu wewe na mimi.

Juzi asubuhi moto wa kwa Diana ulizimika. Wadogo zake bado wanakaa naye tangu msiba, akamtuma mmoja aje kwangu kuomba kaa la moto. Mimi nilifurahi, Lwitiko. Nikasema moyoni, mtu anayeomba moto kwako amekusamehe. Nikamwambia ingia mwanangu, chagua mwenyewe kaa linalowaka. Akaingia, akainama, halafu akainua macho. Ndege alikuwa juu yake ananing'inia, mabawa wazi, meusi zaidi kwa moshi kuliko yalivyokuwa mwanzo, na ile ngozi ya koo imekauka imekunjamana. Yule msichana hakupiga kelele pale ndani. Alitoka taratibu, na alipofika njiani ndipo akapiga.

Wanaume wakaja. Yonasi alikuwa mbele, hakunitazama. Wakamshusha ndege kwa fimbo, maana hakuna aliyetaka kumshika, wakamchoma pale uani kwangu mpaka mdomo. Nikawaambia huyo ndiye shahidi wangu mnayemchoma. Mmoja akasema, "Mama Ipyana, mtu anakausha anachotaka kula au anachotaka kutumia. Wewe huyu ulitaka kumla?" Nikakosa jibu, na kukosa jibu kwangu wakakuona ndiko kujibu.

Kwa hiyo sasa sina ndege. Nina maneno yako tu, na maneno yako mpaka sasa ni mpishi, mlinzi na muuza vitabu. Nimekasirika, sikufichi. Nimekasirika na wao, na nimekasirika na wewe unayekaa kwenye chuma katikati ya bahari, unaniambia hujui kama nje kuna ng'ombe. Panda juu utazame! Kikao ni mwisho wa mwezi wa saba.

Umeuliza kama alikuwa hai. Alikuwa hai kidogo. Alifungua jicho akanitazama, akajaribu kujiburuta kwa kifua, akafa kabla sijaweka kuni chini. Nilikuwa peke yangu. Mtu anayeishi peke yake anakuwa na nani asubuhi?

Ketrina


Baharini, tukitoka Komoro
18 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa yote. Natumaini nguruwe na watoto wake wanaendelea. Huku ni upepo wa kusi, meli inayumba mpaka sufuria zimefungwa kamba. Barua hii nitaituma tukifika Dar.

Nimemwona.

Lakini kwanza nikusimulie nilivyohangaika, usije ukadhani nililala. Kila nilipotoka zamu nilipanda juu, masikio bado yanavuma kwa kelele za injini, macho hayawezi mwanga. Mabaharia wa sitaha wananiambia, "Fundi, umechelewa, walikuwa wengi hapa sasa hivi." Nikikaa, hakuna kitu, maji tu. Nikishuka, wanapita. Siku moja wakaniita kwa filimbi, nikaacha pampu niliyokuwa nimeishika mkononi, nikapanda ngazi mbio, nikakuta vindege vidogo vya kahawia vinagusagusa mawimbi. Fundi mkuu akanifokea mbele ya watu. Nikaomba darubini kwa afisa wa pili, akasema darubini ni ya kutazamia meli, si kuku.

Kutazama ndege baharini si kama huko nyumbani, ambako kunguru anakaa juu ya paa mpaka umchoke. Huku wewe unayumba, yeye anayumba, na mawimbi yanapita katikati. Unaona kitu cheusi, unainua mkono kuzuia jua, kimekuwa povu. Mara nyingi nilijikuta nalaani peke yangu kama kichaa.

Halafu jana mchana, baharia mmoja wa Ngazija akanigusa bega akanyoosha kidole juu, juu kabisa, wakati mimi siku zote nilikuwa natazama usawa wa maji. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Alikuwa ametulia angani juu ya mlingoti, mabawa hayapigi hata mara moja, marefu kama ulivyoyapima na mlango, yamepinda katikati. Mkia ni mkasi, anaufungua na kuufunga. Mdomo ni ndoana. Kooni nyekundu. Shangazi, nilikujibu kwa sauti pale sitahani, nikasema, "Ndiye!" Wenzangu wakacheka.

Afisa wa pili aliposikia kelele, akaja mwenyewe na darubini yake na kitabu cha Kiingereza ambacho kumbe alikuwa nacho muda wote. Anaitwa frigeti. Kwa Kiswahili kitabu hakisemi, na yule Mngazija amenitajia jina la kwao ambalo sikuweza kulishika. Kitabu kinasema ni wa bahari za joto duniani kote, na kwamba vimbunga humsukuma mpaka bara, mbali kabisa na maji. Maneno hayo yapo yameandikwa, nimepiga picha ukurasa. Kinasema pia miguu yake ni dhaifu, akianguka mahali tambarare hawezi kuruka tena. Ndiyo maana ulimwona anajiburuta. Tabia zake nyingine hazina umuhimu.

Naweka ndani ya bahasha picha yake na ya ukurasa, nitazichapisha stesheneri tukifika. Mpe mzee Gibson mkononi.

Ila nisaidie kuelewa. Siku za kabla ya hapo hukuwahi kumwona akizunguka juu ya nyumba? Na kwa nini hukuwaita watu palepale asubuhi, wakamwona ukiwa nao?

Lwitiko


Ibaba, Ileje
30 Julai 2023

Lwitiko,

Mahindi yameingia ghalani. Watoto wa nguruwe nimewauza. Fides anakusalimu. Hizo ndizo salamu, sina nyingine.

Kikao kilikuwa jana, pale nje ya kanisa. Nilivaa kitenge kipya. Mzee Gibson aliinua picha zako akazipitisha, watu wakazishika, wale waliomchoma wakasema ndiyo, ni yeye, mkia ni huu. Mzee akawaeleza: ndege wa baharini, jina frigeti, kimbunga kilimleta. Lwitiko, nilipumua. Niliona wamama wawili watatu wananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Halafu mwalimu Jofrey, yule kijana mgeni wa shule ya msingi, akasema ngoja nisome zaidi, kwa nia njema tu, akapanda kule juu penye mtandao na simu yake. Akarudi anahema. Akasoma mbele ya watu wote. Kwamba ndege huyu anaishi baharini lakini hatui majini, maana manyoya yake yakilowa anazama. Kwamba anaweza kukaa angani siku nyingi asishuke. Kwamba anawavamia ndege wengine wakirudi na chakula cha watoto wao, anawasumbua mpaka wakitapike, naye anakidaka. Kwamba dume anavimbisha ile ngozi nyekundu ya koo ikawa kubwa kama puto.

Ungeona nyuso. Hata mimi, nisingekuwa ndiye mwenye ndege, ningeogopa. Ndege wa bahari asiyegusa bahari! Anayekula chakula cha watoto wa wenzake! Na Diana amekaa pale mbele, hana mtoto.

Wewe uliyajua. "Tabia zake nyingine hazina umuhimu." Ukurasa uliopiga picha umeukunja chini, nimeona kivuli cha kidole chako kimefunika mistari. Ungeniambia, ningejiandaa. Ningeyasema mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa namna yangu. Ukanipeleka kikaoni kipofu.

Lakini si hilo lililonimaliza. Diana alisimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Mimi nakubali ni ndege wa baharini. Nakubali upepo umemleta. Amepita Malawi yote, amepita milima yote, amepita nyumba zetu zote. Kwa nini kwa Mama Ipyana?" Akakaa. Nikatazama zile picha zako, hakuna mahali zinajibu.

Wameniweka pembeni ya kikundi "kwa muda". Muda gani, hawakusema.

Nimerudi nyumbani nikazitoa barua zako zote nikazisoma kwa mfuatano. Alikuwa hai? Ulikuwa peke yako? Hukumwona akizunguka juu ya nyumba? Kwa nini hukuwaita watu? Hakuna barua uliyoandika bila kunihoji. Diana ameuliza mara moja, mbele yangu, na yeye ana kaburi. Sasa nakuuliza na mimi. Unauliza kwa ajili ya nani, Lwitiko?

Ketrina


Ibaba, Ileje
10 Septemba 2023

Lwitiko,

Fides anasema meli yenu ilifika Dar mwezi uliopita ikaondoka. Basi barua yangu uliipata.

Jana amefariki mama mmoja wa kitongoji cha jirani. Nilisikia wenzangu wakipita njiani na vitu vyao kichwani, wakinyamaza walipofika usawa wa mlango wangu, wakianza tena kuongea mbele. Nilikaa ndani.

Sikuombi uandike. Nakujulisha tu.

Ketrina


Dar es Salaam
1 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani siziulizi, naona aibu kuziuliza. Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliipata mwezi wa nane kama Fides alivyosema, nikatembea nayo mfukoni safari nzima nikishindwa kuijibu.

Nikueleze kilichotokea safari hii, halafu utasema utakalo.

Kusi lilikuwa kali. Nilipanda juu kupata hewa, sikuwa natafuta ndege, nilishawachoka. Kulikuwa na frigeti mmoja amening'inia juu yetu tangu asubuhi. Meli ililala upande, yeye akasukumwa na upepo, akajigonga kwenye waya za mlingoti, akaanguka. Sitaha yetu ni ndefu, Shangazi, kuna nafasi kila mahali, kuna makontena, kuna mabaharia wamesimama. Akaanguka mbele ya mlango wa kuteremkia kwenye injini. Mlango wangu.

Baharia mmoja akacheka, akasema, "Fundi, amekuchagua wewe." Alitania tu. Mimi nilitaka kumpiga.

Jina lake nalijua, kitabu nimekisoma, chakula chake nakijua, miguu yake najua kwa nini haisimami. Pamoja na yote hayo, nilipomwona ananitazama kwa lile jicho, la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba nimemkosea nani. Nilihesabu watu. Nikamkumbuka fundi mkuu niliyemjibu vibaya, nikamkumbuka Ipyana, nikakukumbuka wewe na barua yako mfukoni. Nikatazama huku na huku kama kuna wanaonitazama, na walikuwepo, wote walikuwa wananitazama.

Halafu nikamwinua. Ni mwepesi, huwezi kuamini, mabawa yote yale na kuku wako yeyote anamzidi uzito. Moyo wake unapiga mpaka unauhisi kwenye vidole. Alijaribu kunidonoa, hakuwa na nguvu. Nikampeleka ukingoni, nikamrusha juu, akarudi akaniangukia kifuani. Nikamrusha tena, upepo ukaingia chini ya mabawa, akaenda. Baada ya muda mfupi alikuwa juu palepale alipokuwa, kama hakuna kilichotokea.

Alikuwa amechoka, Shangazi. Alikuwa amechoka na mlango wangu ulikuwa chini yake. Na wa kwako alikuwa amechoka na ua wako ulikuwa chini yake. Hakuna zaidi.

Umeniuliza nilikuwa nauliza kwa ajili ya nani. Nilikuwa nauliza kwa ajili yangu. Nilimtafuta yule ndege kwa miezi yote ile nikikwambia ni kwa ajili ya kikao, na kila nilipomkosa nilizidi kuogopa. Ile mistari niliyoifunika kwa kidole niliifunika kwa sababu na mimi ilinitisha.

Nimeomba likizo, nimepewa mwezi wa kumi na moja. Nakuja Ibaba. Nitasimama mbele ya mzee Gibson, Diana na kikundi chote, niwaambie nilichokishika kwa mikono yangu. Wakitaka kuniuliza kwa nini mlango wangu, waniulize.

Mwanao,
Lwitiko


Ibaba, Ileje
22 Oktoba 2023

Lwitiko,

Barua yako Clement aliileta jana. Niliisoma nikalia, nikafuta macho, nikaisoma tena, na mara ya pili nikashikwa na hasira mpaka nikatoka nje kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Nimekulea tangu hujui kufunga kamba za viatu. Umekula mkononi mwangu, umelala kitanda kimoja na Ipyana, umeugua surua nikakubeba mgongoni kutoka hapa hadi Itumba. Hayo yote hayakutosha. Ilibidi ndege akuangukie na wewe ndipo uniamini.

Diana nitamsamehe. Labda nimeshamsamehe. Alizika mtoto, anatafuta mahali pa kuweka uchungu wake, na ua wangu ulikuwa karibu. Wewe hukuzika mtu. Ulikuwa umekaa tu kwenye chuma chako, umeshiba wali, na ukanifikiria hivyo.

Njoo. Godoro lako nimelianika, na ukishuka kwenye basi pale njia panda ya Mpemba usipande pikipiki za wale vijana wanaokimbiza, msubiri Clement. Kikaoni utakwenda, nami nitakaa mbele nikusikilize.

Lakini ukifika hapa usianze na mzee Gibson, wala Diana, wala kikundi. Ingia jikoni, kaa, unitazame usoni, na maneno hayo uliyoniandikia uyaseme kwanza kwangu.

Shangazi yako,
Ketrina